Visanduku Nilivyovichambua kama Mawe ya Ulezi

Katandala, jioni, umeme hakuna

Resti mwanangu,

Umeme umekatika tangu saa tisa na leo sina hata nguvu ya kuutukana. Nimeitoa taipureta chini ya meza, nimeifuta vumbi kwa ile fulana yako uliyosema imepotea, na sasa nagonga. Herufi zikiwa zimefifia usinilaumu. Utepe ni mkongwe, na mimi ni mkongwe kuliko utepe. Mgongo unauma, macho yanawasha, na hiki kidole cha shahada kilicholisha nyumba hii tangu hujazaliwa kimeanza kugoma kama karani wa serikali siku ya Ijumaa.

Wewe na mama yako mko Kasense mnaaga kwaya. Sikuja nanyi kwa sababu najua wataimba, na wewe utasimama pembeni umefunga mdomo kama ulivyoufunga tangu msiba wa Bibi Skolastika, na mimi sitaki kuitazama tena sura hiyo. Juzi mezani ulisema, "Baba, mimi siendi." Ukainuka ukaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Tiketi ya basi ipo kwenye kabati la vikombe. Basi linaondoka alfajiri. Ukirudi utaikuta barua hii juu ya begi lako, na nakuomba uisome kabla hujaanza kutoa nguo.

Habari za kuvaa sweta, kutopokea soda za watu usiowajua na kusali jioni, mama yako ameshazisema na atazirudia mpaka stendi. Mimi Dar es Salaam siijui. Nilifika mara moja, nikaibiwa kofia, nikarudi. Nitakuandikia ninachokijua, na ninachokijua ni ile disketi.

Unajua tulikotoka. Serikali ilipoanza kupunguza watu kazini ilianza na sisi wapiga chapa, na bosi wangu akaniambia kwa furaha kubwa kwamba sasa nchi imefunguliwa, kila mtu ajitafutie. Nikainunua taipureta waliyokuwa wanaitupa, nikafungua hiki kibanda. Mji mzima ulikuwa unafungua kitu. Huyu mitumba, yule saluni, mwingine video. Baadaye wewe ukamaliza shule, ukaikuta kompyuta kule parokiani kwa Bruda, ukarudi nyumbani na macho yanayong'aa kama ya paka, na hukunipa usingizi mpaka tukainunua ile ya kwetu, ya mtumba, kutoka Tunduma. Muuzaji aliniapia ni nzima. Kumbe ilikuwa na tumbo bovu. Ukihifadhi kitu ndani yake, hukioni tena, kama umempa mjomba wako mwavuli. Ndiyo maana kila kitu chetu tukawa tunakiweka kwenye disketi.

Masika yote yale Bibi Skolastika alikuja dukani na kigoda chake, kwa sababu viti vyetu alisema vimetengenezwa kwa ajili ya watu wasio na makalio. Alikuwa anaongoza kwaya ya Kasense tangu sisi vijana, na zile nyimbo za Kifipa za mavuno na za misiba, ambazo kwaya ilizibatiza ikaziingiza kanisani, alizijua peke yake kwa ukamilifu. Yeye aliimba, mimi nikagonga. Alipokata pumzi, nikabonyeza enta. Kusoma hakujua, lakini alijua nikipitiliza.

"Wewe kijana! Hapo kwaya imeshaingia, wewe bado unaandika!"

Kijana! Nina mvi mpaka masikioni.

Nyimbo zile hazina nota. Kinachokuonyesha kiongozi anaishia wapi na kwaya inapokelea wapi ni mwisho wa mstari, basi. Ukiukosea, kwaya inamrukia kiongozi katikati ya neno, na inakuwa vurugu ya mnada wa ng'ombe. Kwa hiyo Bibi alisimamia kila enta yangu kana kwamba ananikabidhi vifaranga.

Kisha paroko akasema "Kwaya ya Kasense" ni jina la timu ya mpira, akawapa jina la mtakatifu. Jina lilikuwa juu ya kila wimbo. Mimi nikavuta kiti nibadilishe moja moja. Wewe ukacheka. "Baba, acha. Nitaandika programu kwa Bruda, itabadilisha zote kwa mkupuo." Ukaondoka na disketi, ukarudi jioni ukitembea kama mtu aliyeua chui. Na kazi ilikuwa nzuri, sikatai. Kwenye mashine ya Bruda kila wimbo ulisimama sawasawa na jina jipya kichwani.

Kesho yake ukaenda sokoni na mama yako. Mimi nikaingiza disketi kwenye mashine yetu nizitazame. Nyimbo zote za Bibi Skolastika zilikuwa zimelala kwenye mstari mmoja, umetoka nje ya skrini upande wa kulia, nadhani uliishia Zambia. Na katikati yake, kila baada ya maneno machache, kisanduku kidogo cheusi.

Mtu mwenye akili angekusubiri. Mimi nilijua moja kwa moja kwamba ni uchafu. Nikasema hawa ndio virusi wanaosemwa, na hapa wametaga. Nikasogea karibu na kioo. Umeshachambua ulezi na mama yako, unajua jinsi jicho linavyozoea jiwe mpaka ukilala unaliona. Nilifuta kisanduku, nikaweka nafasi, nikaenda kingine. Jua lilizunguka kibanda chote mimi niko palepale. Sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu vile maishani mwangu. Nikahifadhi juu ya disketi ileile, kwa sababu ilikuwa moja. Halafu mkarudi, nikapiga kelele kabla hamjatua vikapu.

"Resti! Njoo uone baba yako alivyosafisha!"

Ukatazama. Ukatazama tena.

"Baba, palikuwa na visanduku hapa?"

"Palikuwa navyo. Nimevimaliza. Hakijabaki hata cha dawa."

"Baba. Hivyo visanduku ndivyo vilikuwa miisho ya mistari."

Mama yako, ambaye hajagusa kibodi hata siku moja, akasema kutoka mlangoni, "Nilijua. Huyu akikaa kimya kutwa nzima anaharibu kitu."

Bruda alipoelezwa alicheka mpaka akavua miwani, kisha akauona uso wako akaivaa tena. Akatueleza, na wewe ukaelewa mara moja, na mimi nikaelewa baadaye usiku kitandani kwa sababu ya hii taipureta. Hapa nikifika mwisho wa mstari nasukuma mkono huu wa chuma. Mkono ni mmoja, kazi ni mbili. Unakirudisha kigari mwanzo, na unaisogeza karatasi ili mstari unaofuata ukae chini. Kompyuta ya kwetu imerithi tabia hiyo. Mwisho wa kila mstari inaweka alama mbili zisizoonekana, moja ya kurudi, moja ya kushuka. Ya Bruda ni ya ukoo mwingine, inaweka moja tu, ya kushuka, na kurudi inajua yenyewe. Programu yako ilisoma nyimbo zetu, ikabadilisha jina kama ilivyotumwa, halafu wakati wa kuandika upya ikamalizia kila mstari kwa desturi ya kwao. Hakuna aliyeituma. Na mashine yetu ilipoiona alama moja imekuja peke yake, haikumtambua mgeni, ikachora kisanduku.

Kwa hiyo programu yako ilibadilisha ambacho hakuna aliyeiomba ibadilishe, na baba yako akafuta ambacho hakukielewa. Tofauti yetu ilianzia hapo. Mimi sehemu yangu niliipeleka kijiweni kwenye pombe ya kimpumu asubuhi iliyofuata, nikaisimulia yote, wakanicheka mpaka mirija ikawatoka midomoni. Mpaka leo kuna anayeniita Mzee Visanduku. Wewe yako uliiweka kifuani ukaifungia mlango. Nimechoka kukutazama unavyoibeba, Resti. Nilikuwa nafikiri uchovu huu ni wa umri.

Tukaita kwaya dukani waturudishie mistari. Unakumbuka? Mama yako anasema hapa tunavuta pumzi, wale wa besi wanasema hapo unameza neno, mama yako anasema anayemeza ni nyie na midomo yenu ya ugali. Ikawa kidogo tu watu washikane. Walikuwa wameimba miaka yote huku wakiutazama mkono wa Bibi. Mkono ukishuka, wanaingia. Hakuna aliyewahi kujiuliza unashukia wapi. Na Bibi mwenyewe wakati huo alikuwa ameshahamia Mwimbi kwa mwanawe wa kike, kifua kimembana.

Tulienda Mwimbi juu ya magunia, kwenye pikapu ya mnunuzi wa mahindi, na ule upepo wa Julai unaotafuta tundu kwenye sweta. Wino wa printa tuliousubiri ulikuwa umefika kutoka Mbeya, kwa hiyo wewe ulikuwa umechapa nyimbo zote kama zilivyokuwa, maneno yamebanana kama ugali. Tukamkuta amejifunika blanketi mpaka kidevuni.

"Shikamoo, Bibi," ukasema.

"Marahaba. Mmeharibu nini?"

Ukamweleza. Ulijieleza wewe tu, mimi ukaniruka, nikalazimika kuingilia nidai haki yangu. Nilipofika kwenye kuchambua mawe alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka mwanawe akaja kutukaripia. Alipotulia akasema, "Lete kalamu, mjukuu. Huyu kijana akae mbali."

Akaimba. Sauti ilikuwa imebaki uzi, lakini mkono ulitoka ndani ya blanketi na ulishuka mahali pake. Kila uliposhuka, wewe ukapiga mstari kwa penseli. Wimbo baada ya wimbo. Mimi nilikaa karibu na mlango nikitazama ng'ombe wa jirani, Msukuma mmoja aliyehamia kule, kwa sababu nilikuwa naona aibu kutazama uso wako. Ulikuwa unafurahi. Nilikuwa nimesahau sura hiyo.

Wimbo wa mwisho, ule wa kufunga mavuno, alianza akashindwa. Akaanza tena. Nikasema, "Basi Bibi, tutarudi wiki ijayo." Akanitazama kana kwamba namuuzia kitu kibovu. Akakuambia wewe, "Huo waachie. Wakichoka watapumua."

Hatukurudi. Mwezi haujaisha tukaletewa habari. Na tangu tulipotoka makaburini unasema tulimmaliza kwa kumwimbisha. Husemi kwa sauti. Unasema kwa kutoimba.

Sasa nisikilize. Siku ya matanga wewe ulikuwa unachota maji, mwanawe alinivuta pembeni. Nimejaribu kukuambia mara nyingi, lakini nikitaja Mwimbi tu unakumbuka kazi jikoni. Aliniambia hivi: "Mzee, siku ile mliyokuja mama alikula. Alikuwa hali siku nyingi. Akala ugali wa ulezi na maharage, akaomba na kimpumu, tukamnyima, akatutukana sisi na ukoo wa mume wangu." Mtu anayetukana wakwe kwa ajili ya kimpumu hajauawa na mtu, Resti. Kifua kilimchukua, kama kilivyokuwa kinamchukua kabla sisi hatujapanda magunia. Ulimpelekea siku moja ya kazi yake. Mimi nikifika hapo alipofika, natamani mtu aniletee kitu kilichoharibika.

Kuhusu hiyo kazi ya Dar es Salaam. Umeniambia ni ofisi inayopokea taarifa kutoka matawi ya nchi nzima, kila tawi na mashine yake ya ukoo wake, na wewe utaandika programu za kuziunganisha. Ukaniambia pia, "Nikiharibu nyimbo za bibi mmoja, huko nitaharibu za nani?" Siku ile niliendelea kutafuna ugali. Leo nina jibu. Wale wengine mlioketi nao kwenye usaili hawajawahi kuona kisanduku. Wataandika programu inayopendeza kwao, watakwenda nyumbani, na mzee mmoja kama mimi, huko Kigoma au Lindi, atakaa siku nzima anachambua mawe. Wewe hutamfanyia hivyo. Siyo kwa wema. Kwa sababu umemwona akifanya.

Nilikuona baada ya msiba ukiiandika upya ile programu dukani, hata kama ulidhani nimelala kwenye kiti. Nilikuwa nimelala nusu. Sasa inachungulia kwanza. Inatazama faili linamalizaje mistari yake, ndipo inaingia. Mstari uliokuja na alama mbili unatoka na mbili. Uliokuja na moja unatoka na moja, hata wakiwa wamechanganyika kwenye faili moja kama wanafunzi wa shule mbili. Na ule wa mwisho kabisa, ukija bila alama yoyote, unatoka bila alama. Hapo nilifumbua jicho nikakuuliza, "Si uupachike moja tu, upendeze?"

Ukasema bila kugeuka, "Haikuwa yangu, Baba."

Mimi neno hilo sikuwahi kuwa nalo. Kazi yangu yote nimepachika. Alikuja mfugaji mmoja dukani, zamani, nimpigie chapa barua kwa kaka yake huko Shinyanga. Alitaja salamu kwa kila nyumba, kila mke, kila mtoto, mpaka fahali mmoja aliyeachwa. Nikaona anapoteza karatasi. Nikaandika "hamjambo wote", nikaendelea na shida yake. Kaka akajibu kwa mstari mmoja, anauliza barua hii imeandikwa na nani na ndugu yake yuko wapi. Ikabidi aje tena, na mimi nikaandika salamu zote na fahali wake, nikakoma kwa wiki moja hivi.

Hata wewe nimekuandika upya mara ngapi. Nilitaka uwe sista, mama yako akacheka. Nikataka uwe nesi, wewe ukacheka. Nikataka uwe karani wa dukani kwangu mpaka nife, na hiyo hukucheka, na nadhani juzi uliposema huendi kuna sehemu ya moyo wangu iliyoshangilia kwa siri. Nimeinyamazisha. Ni sehemu ileile iliyofuta visanduku. Ikiona kitu haikielewi inadhani ni uchafu.

Huko watakubadilisha, lazima. Watakubadilisha lugha, utasema mambo na poa na mshikaji kama watoto wa stendi. Utakata nywele. Hilo ni jina juu ya wimbo, liache libadilike. Mengine usikubali kwa sababu tu mashine ya kwao ndivyo inavyopenda. Nimeanza kuhubiri, na paroko atasema namnyang'anya kazi, kwa hiyo naishia hapo.

Ndani ya begi, kwenye soksi za bluu, nimeweka disketi. Nyimbo zote zimo na mistari kama mkono wa Bibi ulivyoshuka. Ule wa mwisho umebaki kama ulivyouacha, mrefu, haujakatwa popote. Kile kidude cha plastiki kwenye kona nimekisogeza, kitundu kiko wazi, hakuna mashine itakayoandika juu yake. Yangu haiwezi na yako haiwezi. Krismasi uje, usimame Kasense pale kwenye sauti ya pili, usikie wanapopumulia. Ndipo ukirudishe kile kidude kwa mkono wako, uweke mistari. Mimi sitagusa. Mama yako ameahidi kunikalia.

Giza linaingia, nagonga kwa kubahatisha. Huku barabarani namsikia mama yako anaongoza, kwa hiyo Katandala nzima imejua mmerudi. Ni ule wa kufunga mavuno. Subiri kidogo.

Kuna sauti ya pili inampokea.

Nimeacha kugonga ili nihakikishe. Ni wewe. Sijui kama hapo ndipo Bibi alipokuwa anakata, na simjui wa kumuuliza. Nimekusikia umevuta pumzi katikati, ukaendelea.

Tiketi ipo kwenye kabati la vikombe, nyuma ya kile chenye mpini uliovunjika.

Baba yako